Albamu ya Laivu Chumbani kwa Baba

Dada yangu alipiga simu saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa mbele ya mitambo ya redio moja ndogo mjini Dodoma, nasubiri taarifa ya habari iishe nifungulie muziki.

"Baba ameanguka bafuni," alisema. "Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauinuki. Haongei."

Nilikuwa fundi sauti pale, mwaka wangu wa tatu, na nilikuwa nimeanza kuaminiwa. Bosi alinipa ruhusa ya wiki mbili. Wakati natoka, mwenzangu wa zamu alinikimbilia mpaka getini. Alikuwa msichana mpole, wa kanisani kila Jumapili, lakini alisikiliza muziki ambao hakuna mwingine pale ofisini aliyeweza kuuvumilia. Akanitia memori kadi kiganjani.

"Ina albamu moja tu, ya laivu," akasema. "Ukizidiwa, sikiliza. Ila usimsikilizishe mzee, utammalizia."

Wiki mbili zile sasa zinaelekea mwaka wa tatu. Naandika haya nikiwa Utemini, Singida, kwenye meza ya baba yangu, mlango nimeuacha wazi ili nimsikie.

Nianze na baba, muziki utafuata. Alizaliwa Mtinko, akafundisha shule za msingi za vijiji vya huko, akastaafu na kujenga hapa mjini. Lakini watu hawamkumbuki kwa hesabu wala kwa Kiswahili, wanamkumbuka kwa kwaya. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa letu tangu kabla sijazaliwa. Aliandika do-re-mi kwa chaki, sauti nne, mstari kwa mstari, halafu akaongoza kwa kupiga meza na rula: ta, ta, ta. Mtu akiwahi au akichelewa hata kidogo tu, alisimamisha kwaya nzima na kuanza kumtafuta huyo mmoja.

Mimi nilitafutwa nikiwa na miaka kumi na mitano. Sauti yangu ilikuwa inavunjika. Alisimamisha wimbo mara tatu, akaja nyuma ya mstari wa besi, akawa anapita ameinamisha sikio mdomoni kwa kila mtu mpaka akanifikia.

"Ni wewe. Unashuka. Kaa chini."

Nikakaa chini, na katika kwaya ile sikusimama tena. Nikaanza kubeba nyaya na spika za kanisa, kwa sababu anayebeba nyaya halazimiki kuimba. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi wa sauti. Mimi na baba hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Nilipomkuta hospitalini nilimwambia, "Shikamoo, Baba." Midomo yake ilihangaika. Kilichotoka ni "te... te... te," kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Akafumba macho kwa hasira. Daktari alitueleza kwamba anasikia na anaelewa kila kitu, ila njia ya maneno ndiyo imekatika. Tulikubaliana naye alama: akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Mama yetu alishafariki, na tuko wawili tu, mimi na dada. Dada ameolewa Manyoni, mume wake anafanya kazi reli, wana watoto watatu. Alikaa nasi siku kumi za mwanzo. Lakini siku ya kwanza ya kumwogesha baba nyumbani, dada alipoleta beseni na kuligusa shuka, baba alilikamata kwa mkono wake wa kushoto ulio mzima na hakuliachia. Binti hawezi kumvua baba yake nguo. Hilo halikuhitaji kikao. Dada alitoka, akaniachia beseni.

Nilimvua nimefumba macho. Nilipofungua kidogo ili niione sabuni ilipo, nikaona na yeye kafumba. Tukamaliza hivyo, vipofu wawili na maji yanapoa.

Dada akarudi Manyoni. Wiki zangu mbili zikaisha, nikaomba nyingine mbili, halafu mwezi. Mwisho bosi akapiga simu, kwa upole kabisa: "Tumeweka mtu kwenye kiti chako. Ukirudi tutaona." Nilimpigia dada kumweleza.

"Sasa tufanyeje?" akasema. "Wewe huna mke, huna mtoto. Tulia kwanza."

Kwanza ile haikuwahi kupata pili.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, sebule, mlango wa chuma na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Zamani niliuona ukuta ule kama ulinzi. Baba alikuwa na kikombe cha bati ambacho alikigonga kwenye chuma cha kitanda akinihitaji, na alinihitaji kila nilipotoka kwenye upeo wa macho yake. Niko jikoni nageuza ugali wa mtama, kinagongwa. Niko uani natupia kuku pumba, kinagongwa. Naenda, namkuta hataki maji, hataki kugeuzwa, anataka tu kuniona nimesimama mlangoni. Akishaniona anageukia ukuta.

Nikienda dukani nilikuwa namfungia kwa nje, maana siku moja alijaribu kuinuka peke yake akaanguka tena. Nageuza ufunguo, halafu nakimbia. Watu wa mtaa walinizoea, kijana mrefu anayekimbia na nyanya kwenye mfuko. Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe makubwa, yale ya Singida, ambayo nilipokuwa mdogo nilishinda juu yake siku nzima. Si mbali, ukirusha jiwe linafika. Mwaka wote wa kwanza sikuyafikia.

Ndipo nilipoikumbuka memori kadi, nikaichomeka kwenye simu.

Ilikuwa albamu ya bendi moja ya nchi za baridi, kaskazini kabisa mwa Ulaya, iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watu. Aina ile ya muziki wenyewe wanaiita death metal ya melodi. Mara ya kwanza nilicheka. Mwimbaji hakuimba, alinguruma, kama mtu anayetapika kokoto. Ngoma zilikwenda kama mvua ya mawe juu ya bati. Lakini juu ya vurugu yote hiyo lilikuwepo gitaa linaloimba, na kile lilichoimba kilikuwa kitamu, cha huzuni, kingeweza kuwa wimbo wa Ijumaa Kuu. Nikasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake nikasikiliza tena.

Nilisikiliza kwa hedifoni, sikio moja tu, la kushoto. La kulia lilibaki kwa ajili ya kikombe.

Sijui kama asiye fundi ataelewa nilichokuwa nakitafuta mle. Nilikuwa natafuta ukumbi. Kwenye rekodi ya studio, vyumba vinafichwa. Kwenye ya laivu unausikia ukumbi. Unasikia sauti inavyokwenda mpaka ukuta wa nyuma na kurudi, unajua dari liko juu kiasi gani, unajua watu wamesimama wamebanana au wana nafasi. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha baba, dawa ya kuchua inanuka, upepo unalisukuma bati, na katika sikio langu moja kulikuwa na jengo kubwa mno. Niliwajua waliomo. Kulikuwa na mwanamume karibu na maikrofoni ya kushoto aliyepiga kelele ileile kila wimbo ulipoanza. Kwenye wimbo wa sita waya wa gitaa ulikatika, nikasikia kabisa ule mlio, halafu gitaa likanyamaza, ngoma na besi zikaendelea zenyewe mpaka mpigaji akarejea, na watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia wimbo. Hawakuifuta hiyo sehemu. Niliipenda bendi ile kwa kutoifuta.

Baada ya hapo albamu ikawa saa yangu. Kumwogesha baba kulichukua nyimbo nne. Kumlisha uji, tano. Usingizi wake wa mchana ulikwenda hadi pale mwimbaji anapowaaga watu, na mara nyingi nilikuwa nakasirika akiamka kabla.

Siku moja gurudumu la kiti chake cha kusukumwa lilipita juu ya hedifoni likazisaga. Nilizitazama pale sakafuni, nikajikuta nataka kulia kama mtoto. Nikaichukua redio ya baba, ile ya kuchaji yenye spika mbili na tundu la kadi, nikaipeleka uani wakati amelala. Nilikuwa nafua mashuka yake. Nikaifungulia kwa sauti ya chini.

Nikasimama na shuka linachuruzika mkononi. Kulikuwa na gitaa la pili!

Miezi yote ile nilikuwa nimesikia gitaa la kushoto tu. La kulia lilikuwa likiimba melodi ileile juu yake kidogo, kama sauti ya kwanza na ya pili zinavyokwenda pamoja kwenye kwaya, zikipanda pamoja, zikishuka pamoja. Nilidhani naijua albamu hii kuliko waliopiga, kumbe nilikuwa na nusu. Nilirudia wimbo ule mpaka mashuka yote yakaisha.

Toka siku hiyo nikawa nasikiliza uani, kwa kujificha. Lakini siku moja mchana kadi niliisahau ndani ya redio, na redio nikairudisha mezani kwa baba. Kina mama wa kwaya walikuwa na kawaida ya kuja kila Alhamisi kumwombea. Walikuja sita, na vitenge vyao vya sare, wakamsalimu mwalimu wao, wakaketi. Mama mwenyekiti wa kwaya akasema, "Tumpigie mwalimu nyimbo zake kidogo, achangamke." Akabonyeza kitufe kabla sijafika.

Mngurumo ukajaa chumba. Mama mmoja aliruka. Mwingine akaangusha chupa ya chai.

"Shindwa!" mama mwenyekiti akaipigia redio kelele. "Shindwa kabisa!"

Niliizima haraka. Akanigeukia. "Mwanangu, ni nini hicho?"

"Ni muziki tu, mama."

"Muziki? Nani anaimba hivyo kama hajafungwa na kitu? Na wewe unakaa nacho chumba kimoja na mgonjwa? Piga magoti."

Nilipiga magoti. Ningefanya nini? Walikuwa wanawake walionilea, waliotuletea kuku na mlenda wakati sina muda wa kupika. Mikono sita ikawekwa kichwani kwangu, na maombi yakaanza, yakapanda, yakawa makali. Walikuwa wakiomba nifunguliwe. Nilikubaliana nao kimoyomoyo kwamba ninahitaji kufunguliwa, ila hawakujua kufuli liko wapi.

Nikafumbua macho kidogo, nikamwona baba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Niliogopa, nikadhani ni kiharusi kingine. Halafu nikauona upande mzima wa mdomo wake. Alikuwa anacheka. Tangu aanguke sikuwahi kumwona akicheka, na hata kabla ya hapo sikumbuki vizuri.

Walipoondoka nilimuuliza, "Baba, ule muziki unakukera?"

Akafumba macho mara mbili. Hapana.

"Niufungulie?"

Mara moja.

Kwa hiyo tukawa tunausikiliza wote, asubuhi, yeye kwenye kiti chake mlangoni ambapo jua linafika, mimi na kazi zangu. Hakuonyesha kuupenda. Alikunja uso kama alivyokuwa akikunja siku za mazoezi. Lakini kikombe kilianza kupumzika. Nilifika mpaka nje ya geti bila kugongewa.

Wiki ya tatu au ya nne ya hayo, nilikuwa nachambua dengu, wimbo wa tisa unaendelea. Baba akasema, "Mbio."

Niliinua kichwa. Lilikuwa neno zima. "Baba?"

"Mbio," akasema tena, kwa nguvu, mate yakamruka. Alikuwa ananitazama mimi.

Dengu zilimwagika. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamshika magoti, nikawa nasema, "Baba umeongea, umeongea!" na yeye akawa anatikisa kichwa kwa hasira, anarudia, "Mbio. Mbio." Nikalia. Nililia kwa sababu ameongea, na nililia zaidi kwa sababu ya alichokisema. Kati ya maneno yote ya dunia, nilijiambia, neno lake la kwanza ni kunifungulia. Ameniona. Anajua. Ananiambia niondoke.

Nikampigia dada. "Baba ameongea. Ameniambia niende zangu."

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema mbio. Mara nne."

Dada akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Sawa, mdogo wangu. Kama baba amesema, nakuja. Nitamleta na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, atanisaidia kuogesha. Kesho mchana nitakuwa hapo."

Nilimwomba mama jirani akae na baba kuanzia asubuhi mpaka dada afike. Nikapanga nguo zangu kwenye begi. Nikampigia simu yule mwenzangu wa Dodoma kumwambia nakuja, hata kama kiti hakipo. Akasema kuna studio inatafuta mtu.

Asubuhi nilimwogesha baba, nikamvalisha shati la kanisani, nikamweka mlangoni. Bodaboda alishafika, anapiga honi nje. Mama jirani alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikafungulia redio, nikaiweka mapajani kwa baba. Nilikuwa nimeamua kumwachia ile kadi.

"Baba, naondoka. Nashukuru kwa neno lako."

Ngoma zilikuwa zimeanza. Wimbo ulikuwa uleule wa tisa, ukiendelea pale nilipouzima jana. Baba akakunja uso.

"Mbio," akasema. Na mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi, ukaanza kupiga hewa. Ta. Ta. Ta. Taratibu kuliko ngoma za kwenye redio. Anatikisa kichwa, anaelekeza kidole kwenye spika, anapiga tena. Ta. Ta. Ta.

Niliujua mkono ule. Nilikuwa nimekaa chini yake utoto wangu wote.

"Ngoma, Baba?" nikamuuliza. "Unasema mpiga ngoma ndiye anakwenda mbio?"

Akafumba macho mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyechoka kungoja mwanafunzi aelewe.

Na alikuwa sahihi. Nilisikiliza. Baada ya ubeti wa pili, kelele za watu zilipopanda, mpiga ngoma alianza kukimbia, na wenzake wote wakalazimika kumfuata. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara zisizo na idadi, mimi fundi sauti, na sikuwa nimeligundua.

"Kwa hiyo hukusema mimi?" nikauliza. "Hukuniambia mimi niende?"

Hapo ndipo alipoliona begi. Alilitazama, akatazama viatu vyangu, akatazama geti lililokuwa wazi. Mdomo wake ukahangaika, "te... te... te." Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kwa mara mbili za macho. Lakini hakufumba. Alichofanya ni kuuchukua ule mkono wake wa kushoto, mkono pekee ambao angeweza kunikamata nao, na kuuingiza chini ya blanketi. Polepole, nikiwa naona. Alikuwa ananionyesha kwamba hanishiki.

Kama angenishika, nadhani ningeondoka.

Nilitoka nikamwambia bodaboda aende. Mama jirani alinikuta nimekaa kizingitini, begi katikati ya miguu, akaniwekea kikombe cha chai pembeni bila kuniuliza.

Dada alifika saa nane mchana, na mwanawe, na mzigo wa mtu anayekuja kukaa. Alishangaa kuniona. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema nimechelewa basi, naondoka kesho. Nilikuwa nimeuandaa uongo huo toka asubuhi. Tulipokaa jikoni nikamwambia ukweli.

"Hakuniambia niondoke. Alikuwa anasema ngoma za kwenye redio zinakwenda mbio."

Dada aliacha kumenya viazi. "Ngoma."

"Ngoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akawa halii wala hacheki, ametazama tu viazi. "Unajua nilivyopokea simu yako?" akasema. "Nililala sakafuni kwangu. Nilijua zamu yangu imefika, na nilijua siwezi. Nimekuja njiani naomba basi liharibike."

"Sasa haikufika," nikasema.

"Usiseme hivyo." Akanitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza toka baba aanguke. "Umekonda. Mbona hukusema umekonda?"

Alikaa siku nne. Mwanawe alijaribu kumwogesha baba mara moja, baba akamfukuza kwa mkono. Siku ya tano dada akarudi Manyoni, lakini tulikuwa tumeelewana: kila baada ya miezi miwili angekuja kwa wiki moja, na katika wiki hiyo mimi ningeendelea kumwogesha asubuhi, na saa zilizobaki zingekuwa zangu. Hakuna aliyesema mpaka lini. Nilimsindikiza mpaka getini, nikalifunga kwa ndani.

Kuhusu maneno, tuliendelea. Niligundua, au tuseme baba aligundua, kwamba neno linatoka likikalia mdundo. Kwenye albamu kuna wimbo mmoja wa polepole, na kabla haujaanza, mwimbaji anawafanya watu wote ukumbini wapige makofi, pa, pa, pa, kwa dakika nzima. Baba aliyakubali makofi yale. Yalikuwa sawasawa. Nikawa nayarudisha nyuma, nayarudisha, na sisi wawili tukiweka neno juu ya kila kofi. Cha-i. Ma-ji. Du-ka. Ku-ku. Maelfu ya watu wa nchi ya theluji, ambao hawatawahi kujua Singida iko wapi, walimpigia makofi baba yangu mpaka akaweza kuomba chai.

Ilichukua mwezi kupata maneno sita. Kisha tukaingia kwenye nyimbo za kanisa, na hapo tulishangaa. Wimbo aliweza kuuimba wote, beti zote nne, ulimi hausiti, lakini ukimwambia ataje neno moja la humo bila kuimba, "te... te." Kina mama wa kwaya walipomsikia walianguka kwenye sakafu kwa furaha, wakasema ni yale maombi. Sikuwapinga. Baba alinitazama juu ya vichwa vyao, na upande ule mzima wa mdomo ukainuka kidogo.

Nisieleweke vibaya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Kuna asubuhi naamka na beseni tayari limejaa kichwani mwangu. Ile studio ya Dodoma ilipata mtu. Mwenzangu yule wa zamu ameolewa, tunaandikiana sikukuu. Rafiki zangu wa shule wanajenga, wananiita mtoto mwema, na kila wanaponiita hivyo nasikia kitasa kikigeuka. Na kuna siku baba anakigonga kikombe bila sababu, na mimi nakaa jikoni, nakisikia, nahesabu mpaka hamsini kabla sijaenda. Anajua kwamba nahesabu. Nikifika hanitazami.

Mwezi uliopita, katika wiki ya dada, nilipata kazi ya kushika mitambo kwenye harusi, ukumbi mmoja wa hapa mjini. Mchana, saa saba mpaka kumi na moja. Nilifika mapema nikapiga makofi nikiwa peke yangu katikati ya ukumbi mtupu, nisikie kuta. Ulikuwa na mwangwi mbaya upande wa jukwaa, nikazisogeza spika mpaka ukapungua. Watu walipojaa na kwaya ya bwana harusi ikaanza, sauti ilikaa pale nilipoitaka. Kwa saa nne sikusikia kikombe. Mikono yangu ilikuwa ya mtu ninayemjua.

Nilirudi kwa miguu. Dada alikuwa anamlisha baba uji wa uwele pale mlangoni. Nikamsalimu, nikakaa chini karibu na kiti chake.

"Wapi?" baba akauliza. Hilo ni neno lake jipya.

Nikamweleza kila kitu. Ukubwa wa ukumbi, mwangwi, jinsi sauti ya pili ya kwaya ile ilivyokuwa nyembamba nikaiongeza kidogo, jinsi mpiga ngoma wao alivyotulia. Alisikiliza ameinamisha sikio. Nilipotaja sauti ya pili alifumba macho mara moja, akikubali. Nilimweleza mengi kuliko niliyowahi kumweleza maisha yangu yote, na dada akaacha kijiko hewani akitusikiliza.

Nikamaliza. Mkono wa kushoto wa baba ukawa unapiga paja, akitafuta mdundo wa kupandia. Nikangoja.

"Ke-sho?" akasema.

Sikujua anauliza nini hasa, kama nitakwenda tena au kama nitakuwepo. Uso wake haukunisaidia. Dada alikuwa anaondoka asubuhi, begi lake lilikuwa tayari sebuleni.

"Kesho nipo, Baba," nikasema.

Akafumba macho mara moja, akafungua mdomo, na dada akaendelea na uji.